Siku Bethuel Alipomhubiria Mfalme

Kazi ya Bethuel ilikuwa kuwaogesha wazee na kuwabadilishia shuka katika nyumba moja ya kutunzia wazee kule Great Barr, ughaibuni, na hakuna aliyepita mikononi mwake bila kuhubiriwa. Walikuwa wasikilizaji wazuri. Nusu yao hawasikii. Lakini kanisani kwao Ladywood, miaka yote hiyo, alipewa kusoma matangazo tu, huku mimbari akiikodolea macho kama mtoto anayeona keki ya mwenzake.

Basi Waghana wanaotumia ukumbi huohuo wa kanisa wakatembelewa na mfalme wao, wakamwomba Pasta Mugo, mchungaji wa akina Bethuel, alete neno. Pasta mafua yalikuwa yamemnyang'anya sauti.

"Bethuel, nenda wewe," akanong'ona. "Ukitoka salama, nakuingiza kwenye zamu ya wahubiri."

Jamani, alivyovimba! Mkewe Gertrude alikuwa akimfunga tai.

"Baba Audrey, huyo ni mfalme, si wale wazee wako. Haambiwi kitu moja kwa moja. Unamwambia msemaji wake, yeye ndiye anafikisha."

"Mimi ni wa kufundishwa protokali?"

Mfalme aliketi peke yake jukwaani, kitambaa cha kente begani, dhahabu hadi vidoleni, wala hakuna aliyethubutu kumkaribia. Msemaji alisimama chini na fimbo yake. Bethuel alianza vizuri kweli, Kiingereza kikitiririka, msemaji akipokea, watu wakiitikia. Kisha utamu ukampanda kichwani, mazoea ya kanisani yakamponyoka:

"Geuka umwambie jirani yako: Jirani, punguza kiburi!"

Ukumbi mzima ukageukiana. Mfalme naye akageuka kulia: hakuna mtu. Kushoto: hakuna mtu. Pasta Mugo akajifunika uso kwa Biblia.

Bethuel akaiona zamu yake inayeyuka. Kwa kukosa la kufanya akapanda jukwaani, akavuta kiti, akaketi kando ya mfalme.

"Mtukufu, jirani ni mimi. Niambie mimi."

Mfalme akamkagua kuanzia viatu hadi tai. Halafu, bila kupitia kwa msemaji, akanguruma: "Jirani, punguza kiburi!"

Watu walicheka hadi vilemba vikalegea. Bethuel akainama, akasema amina, akashuka.

Mlangoni Pasta akamshika mkono, sauti ikikwaruza. "Jumapili ijayo ni yako."

"Hata baada ya aibu ile?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza nimekuona ukisikiliza mahubiri."

Bethuel akafungua mdomo kujibu. Gertrude akamkanyaga mguu.