Kipande cha Kumi na Mbili

Ndoa ya Wubalem ilikuwa na doa moja tu, nalo lilikuwa kuku. Pale mjini kwao Debre Markos jogoo wa sikukuu hukatwa vipande kumi na viwili, basi, na mwanamke asiyeweza kuvitimiza huyo hakufundwa. Wubalem alikata kumi na viwili. Mezani vilifika kumi na kimoja.

Balaa lilianza Mwaka Mpya wa kwao, mwezi Septemba. Siku ya Msalaba wakanunua jogoo mkubwa zaidi, kana kwamba ukubwa huongeza viungo. Krismasi, kisu kikaogeshwa maji ya baraka. Sikukuu ya Ubatizo padri akamnyunyizia jogoo mwenyewe, naye akaruka ukuta akatokomea. Aliyenunuliwa badala yake akatoa kumi na kimoja vilevile.

Mzee Gashaw, baba mkwe, akachoka kuchekwa na majirani. "Pasaka vikipungua tena," akamwambia mwanawe Demelash, "mkeo arudi kwao akafundwe upya."

"Sawa, baba," akajibu Demelash, bwege wa watu.

Wubalem alimpenda bwege wake. Alilia Kwaresima nzima, siku hamsini na tano bila nyama wala maziwa.

Asubuhi ya Pasaka nyumba nzima ilikuwa imelala, imechoshwa na mkesha wa kanisani. Alikata, akahesabu mara nne, akabandika. Mchuzi ulipoiva akatoka kumwaga maji. Kurudi, akamkuta mama mkwe, Mama Asnakech, mtu wa sala na kufunga, amechuchumaa penye chungu, paja mdomoni.

"Mama! Kumbe ni wewe?"

"Ulidhani jini? Funga mlango."

"Tangu Mwaka Mpya nasemwa!"

"Na mimi nimepika humu miaka thelathini. Mapaja ya wanaume, kidari cha padri, mimi shingo. Shingo! Ulipokuja nikasema, afadhali, sasa yupo wa kusingiziwa."

Wubalem alitamani kumtwanga mwiko. Akamwonea huruma, na huruma ile ikamzidishia hasira. "Leo narudishwa kwetu, Mama."

Bibi yule akaacha kutafuna.

Saa nne wote walikuwa mezani, padri akiwa wa kwanza kukaa. Kuhesabu ni kazi ya mama mwenye nyumba. Mama Asnakech akachota kimoja kimoja, kwa sauti: "Kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano, sita, saba..." Akachota upesi. "Tisa, kumi, kumi na kimoja, kumi na viwili!"

"Mbona sikusikia nane?" akauliza Mzee Gashaw.

"Gashaw!" padri akafoka, mate yamemjaa. "Kristo amefufuka, wewe unatafuta nane? Sogeza mkate wa injera hapa!"

Mama Asnakech akachukua paja pekee lililobaki, lile la mumewe, akaliweka mbele ya mkamwana wake. Wanaume wakakodoa macho.

"Kula, mwanangu," akasema. "Kula lingali la moto."