Kaka Huanza na Wazima

Kaka yangu ni mpole hadi anakera. Kazi yake ni injini za magari ya mashindano, kazi ya watu wenye haraka, lakini yeye hata chai huinywa kama anaihoji. Wenzake wanamwita Hakimu. Injini ikiharibika, kila mtu hukimbilia kipande kilichovunjika. Kaka hukifunika kwa kitambaa, kisha huanza na vipande vizima. "Marehemu hasemi," huwaambia. "Tuulize majirani."

Siku ile nilitamani kumzaba kofi. Gari lililoharibika nililiendesha mimi. Kwenye kona ya mwisho ya mbio injini ilitoa kishindo ikazima, na kabla sijavua helmeti maneno yalishanitangulia: dada kakosea gia. Eti nilitaka ya nne nikaingiza ya pili, injini ikazunguka kupita uwezo wake, valvu, ule mlango wa hewa wa silinda, ikagongwa na pistoni ikakatika. Lisemwalo lipo, wakasema. Tajiri wa gari akaja karakana kuniambia kwamba Jumamosi usukani anampa mtu mwingine.

"Ngoja kwanza Hakimu aangalie," Baba akamwambia. Karakana ni ya Baba, na ufundi wote tulionao katutia yeye.

Kaka akafungua injini. Silinda moja ilikuwa imesagika ndani, valvu yake imekatika shingoni. Hiyo akaifunika. Akatoa valvu za zile silinda tatu zilizosalimika, akazipanga mezani, akawa anazigeuza moja moja kwenye mwanga.

"Kaka, mimi nachinjwa hapa, wewe unapanga vijiko!"

"Ungezidisha mzunguko," akasema bila kuinua kichwa, "springi zingeshindwa kuzirudisha valvu kwa wakati. Na si moja tu, hata hizi zingegusana na pistoni. Hazina hata mkwaruzo."

Tajiri akakuna kidevu. Nikamkazia macho ya mtu aliyeonewa, na nilijisikia vizuri sana.

Ndipo kaka akafunua ile iliyokatika. Mahali pa mkato, upande mmoja ulikuwa umefubaa na mwingine uling'aa. Ule uliofubaa, akasema, ni ufa wa siku nyingi. Kila ilipofunga, valvu ilipindwa kidogo, hadi ikachoka. Akamulika tochi kwenye kiti chake, lile duara la chuma ambalo valvu hulikalia. Alama ya mkao inatakiwa iwe na upana sawa pande zote. Hii ilikuwa pana upande huu na nyembamba kama uzi upande wa pili. Kiti kilikatwa kikaenda upande.

Kaka akazima tochi, na furaha yangu ikaishia hapo. Viti vya valvu pale kwetu hukatwa na Baba peke yake. Akishakata, hupaka valvu rangi ya bluu, huigeuza juu ya kiti, kisha hutazama duara la rangi linalobaki. Likiwa na pengo, kazi inarudiwa. Tulipokuwa tunajifunza, aliyesahau bluu alipigwa vidole.

"Baba," kaka akauliza taratibu, "bluu ulipaka?"

"Nilipaka."

Baba akainama, akakisogelea kile kiti karibu kabisa na pua, akarudi nyuma, akasogea tena. Mwisho akapitisha ukucha juu yake, mzunguko mzima.

"Nilipaka, mwanangu," akasema. "Pengo sikuliona."

Nilimwonea huruma. Nikaropoka, "Jamani, labda ni gia kweli. Kona ile ilikuwa na vumbi, huenda mkono uliteleza."

Baba akanigeukia. "Ulikuwa gia ya ngapi?"

"Baba, tuache tu..."

"Nimekuuliza. Gia ya ngapi?"

"Ya nne."

"Basi mwambie tajiri, asikie."

Nikamwambia tajiri, machozi yakinitiririka kama mtoto. Akasema Jumamosi nitaendesha mimi, kama injini itakuwa tayari. Sikumbuki kama nilimshukuru.

Kaka alishaanza kufungua viti vyote vikakatwe upya. Baba alisimama kidogo akiikodolea macho sakafu iliyojaa nyaya na spana, njia aliyokuwa akiipita kila siku bila kuuliza mtu, kisha akaninyooshea mkono.

"Nishike," akasema. "Nitoe nje."