Milango Kumi na Mmoja ya Bawaba

Kabla sijasema lolote kuhusu shemeji yangu, ijulikane kwamba wazo la nyumba ya magurudumu lilikuwa langu. Yeye atakuambia ni lake. Dada yangu atakuambia alikuwa nalo tangu usichana wake. Lakini mimi ndiye niliyeliona lile basi dogo kuukuu nyuma ya gereji, majani yameota hadi madirishani, nikasema, "Humu mtu anaweza kulala." Anayesema neno la kwanza ndiye mwenye jambo. Hilo sikufundishwa na mtu, maana shule niliachana nayo darasa la sita, nayo haikunifuata kuniuliza kulikoni.

Shemeji yangu ni seremala, na sote tunamwita Bawaba. Jina hilo nalo nililitoa mimi. Huyu mtu akitengeneza mlango wa kabati, anaufunga kwa kidole kimoja, taratibu, halafu anakutazama usoni akisubiri umsifu. Usipomsifu, anaufungua na kuufunga tena mpaka akili ikurudie. Kutulia hajui. Mkaribishe kiti, atakipindua kwanza aone kimeungwaje. Mpe chakula, atainuka mara mbili kwenda kushughulikia dirisha linalolia. Dada yangu anasema alimkubali kwa sababu alikuwa mwanamume wa kwanza kuja kwetu na kurekebisha mlango kabla ya kuulizwa ametokea ukoo gani.

Dada mwenyewe amefundisha jiografia miaka thelathini na minne, akiwa amesimama na rula mbele ya ramani, akiwaonyesha watoto wa watu mito na milima ambayo yeye hajawahi kuitia machoni. Alipostaafu alibaki na mambo mawili: hamu ya kwenda kuviona vile alivyovinyooshea rula, na goti la kushoto lililokataa kukunjika. Mpango ukawa huu: nyumba wamwachie binti yao mkubwa, mwenye watoto watatu na chumba kimoja, nao wahamie kwenye basi, waondoke.

Bawaba aliahidi kuligeuza nyumba kwa miezi mitatu. Ikapita minane.

Mwezi wa tisa ikaja barua. Shule moja ya bweni ilimtaka dada awe mlezi wa wasichana, na ingempa nyumba ya vyumba viwili hapohapo shuleni. Jibu lilitakiwa Jumatatu. Dada aliisoma barua ile mbele yetu akiwa amesimama, akaikunja, akaifungua, akaikunja tena.

"Baba watoto," alisema, "Jumamosi nitashinda ndani ya hilo basi lako. Nikiweza kukaa humo kama mtu, tunaondoka. Nikishindwa, Jumatatu nakwenda kwa wale wasichana, nawe utakuja kuniona siku za wageni."

Bawaba akacheka. Mimi pia nilicheka, kumpa nguvu. Dada hakucheka, na mimi namjua: mwanamke huyu aliwahi kumrudisha mwanafunzi nyumbani kilomita sita kufuata kalamu.

Sasa nieleze kazi ilivyofanyika, kwa sababu humo ndimo kosa lilimojificha. Bawaba hachori kwenye karatasi. Anachora kwa chaki sakafuni mwa karakana, kipimo kilekile cha kitu chenyewe. Basi alilichora lote: hapa kitanda, hapa meza, hapa jiko la gesi, sinki, friji, choo, kabati la nguo. Akaniambia nipite katikati. Nikapita kama bwana harusi. Nikajifanya napika, nikajifanya naoga, nikajilaza kwenye kitanda cha chaki nikakoroma kidogo. Nafasi ilikuwepo tele. Nilimwambia, "Shemeji, humu utaweza hata kufuga kuku." Ushauri wangu ulizingatiwa wote, isipokuwa wa kuku.

Jumamosi asubuhi tukaingia watatu. Basi lilikuwa limesimama uani, mbele ya mlango wa karakana, limepakwa rangi, linang'aa. Ndani mlikuwa na milango kumi na mmoja ya mbao, yote imepigwa msasa mpaka unaona uso wako. Bawaba alipita akiifunga mmoja baada ya mwingine kwa kidole. Dada akakaa kwenye kiti cha mezani, akanyoosha mguu wake mbovu kwenye njia, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuunyoosha, akatazama mbele. Mbele yake palikuwa na mlango wa choo.

"Dirisha liko wapi?" akauliza.

"Liko nyuma ya kabati la nguo," Bawaba akasema. "Ukuta ule ndio ulionyooka. Lakini ukilala unaliona lile dogo la juu."

"Kwa hiyo nitakwenda kuona nchi nikiwa nimelala chali."

"Si lazima chali. Hata ubavu."

Dada aliomba chai. Bawaba akaruka, maana kuambiwa afanye kitu ndiyo raha yake. Akajipiga kichwa kwenye kabati la juu, akasema hakuumia. Akataka kuosha vikombe, akakuta ubao wa kukatia ndio kifuniko cha sinki, na juu ya ubao ule ameweka mkate. Akaupeleka mkate mezani. Meza ikajaa.

"Kijiko kiko wapi?" dada akauliza.

"Kwenye droo."

"Droo iko wapi?"

"Umeikalia."

Dada akainuka, na kuinuka kwake si jambo la mara moja, ni safari yenye vituo. Akachukua kijiko, akakaa. Kabla hajatulia, Bawaba akamwomba ainuke tena, sukari. Akainuka. Mara ya nne nilianza kuhesabu kwa vidole, dada akanitazama, nikaficha mkono. Nikaona heri niende chooni.

Ndugu msomaji, mimi nimewahi kufungiwa ghala la mahindi siku nzima na nikatoka naimba. Lakini sijawahi kufungwa kama nilivyofungwa na chai ile. Nilipotaka kutoka chooni, mlango ulifunguka kiasi cha kupitisha pua, ukagonga mlango wa friji. Friji lilikuwa wazi kwa sababu Bawaba alikuwa anatoa maziwa. Nikamwambia afunge friji. Hakuweza, kwa sababu alikuwa amebanwa kati ya mlango wa friji na mlango wa kabati la vikombe, ambao aliuacha wazi nyuma ya shingo yake. Ili aufunge ilibidi arudi nyuma hatua moja. Nyuma palikuwa na ile droo, ambayo safari hii dada aliivuta mwenyewe akiwa amekaa upande, na sasa imeziba njia. Na ili droo irudi, dada ilibidi aondoe mguu. Na ule mguu, kama nilivyosema, hausikii la mtu.

Tukakaa hivyo. Watu wazima watatu, ukijumlisha umri wetu unakaribia miaka mia mbili, tukisikiliza sufuria ya maji inachemka.

"Nani anaanza?" dada akauliza.

"Shemeji arudi chooni," Bawaba akasema.

"Nimesharudi chooni," nikasema. "Nakaa chooni kama mpangaji."

"Zima gesi basi."

"Niizime kwa kitu gani, kwa kuipulizia?"

Dada ndiye aliyeanza. Alijishika mezani, akauinua mguu ule kwa mikono miwili kama anavyoinua mtu gunia, akausogeza. Niliona uso wake kupitia ule upenyo wangu wa pua. Hakutoa sauti, lakini alifumba macho. Droo ikarudi, Bawaba akarudi, kabati likafungwa, friji likafungwa, mimi nikatoka. Chai haikunyweka. Dada alishuka ngazi moja moja, akaingia karakanani, nasi tukamfuata kama watoto waliovunja kioo.

Mchoro wa chaki ulikuwa bado upo sakafuni. Dada akauzunguka polepole. Halafu akanyoosha mkono.

"Nipe chaki."

Bawaba akampa. Mwanamke aliyeshika chaki miaka thelathini na minne hashiki chaki kama wewe na mimi. Hakuweza kuinama, kwa hiyo akaifunga chaki kwenye ncha ya ufito, akaanza kuchora kutoka juu. Kwenye kila mlango aliweka nusu duara, pale mlango unapopita ukifunguliwa. Choo, nusu duara. Friji, nusu duara. Kabati la nguo, mbili. Kwenye kila droo akachora droo nyingine mbele yake, iliyovutwa. Alipomaliza, sakafu ilikuwa imejaa chaki nyeupe, mistari juu ya mistari.

"Nionyeshe mahali pa kukaa mtu," akamwambia mumewe.

Bawaba alitazama. Alizunguka upande wa pili, akatazama tena. Alichuchumaa, akainuka, akajifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu.

"Umeichora yote ikiwa imefungwa," dada akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayesahihisha daftari.

Ndipo nikaelewa, na nadhani nilielewa kabla ya Bawaba. Kabati zake zote, miaka yote hiyo, zilikuwa zikitoka karakanani zimezungushiwa kamba, ili milango isipigepige njiani. Anazipakia, anazipiga kofi la kuziaga, zinakwenda kwa watu. Kufunguliwa zinafunguliwa huko, chumbani kwa mtu mwingine, na mtu mwingine ndiye anayejigonga. Kwake yeye mlango ni kitu kilichofungwa vizuri.

"Milango itoke," dada akasema.

"Yote?"

"Wa choo ubaki, maana nimelelewa. Ila ufungukie ndani."

"Mke wangu. Niambie nitoe kitanda. Niambie nitoe sinki." Sauti ilikuwa imemshuka. "Ile mbao niliitunza miaka sita ikauke."

"Kabati letu la chumbani, kule nyumbani, lina mlango?"

Bawaba akakuna shingo. "Lina pazia."

"Tangu lini?"

"Tangu tuoane. Nilikuwa sijapata nafasi ya kulimalizia."

"Limewahi kuniambia ondoa mguu?"

Mimi hapo ningenyamaza, lakini nimeumbwa vibaya. Nikasema, "Shemeji, kumbe kazi yako nzuri kuliko zote ni ile uliyosahau kuifanya." Bawaba alichukua kofia yake, akaondoka kwa miguu, na hakuuliza kama nahitaji kusindikizwa. Dada akanitazama hadi nikaanza kufagia karakana.

Siku nzima Bawaba hakuonekana. Dada alitoa barua kwenye mkoba, akaiweka mezani, akaichukua, akaenda nayo jikoni, akarudi nayo. Nami nilitoka na kuingia nikijifanya natafuta miwani, ilhali sivai miwani.

Jumapili asubuhi nilipofika uani nilisikia bisibisi. Bawaba alikuwa ndani ya basi, na milango mitatu imekwisha kuegemezwa ukutani nje. Nikaomba nimsaidie. Akasema, "Usiguse." Alikuwa akitoa skrubu moja moja, anaziweka kwenye kopo, na kila mlango ukitoka anaubeba kwa mikono miwili, anaufuta vumbi, anaulaza kwenye gunia. Wa nne, wa tano. Kwenye wa sita akaufunga kwanza kwa kidole, ukajifunga bila sauti. Safari hii hakumtazama mtu. Nami, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, nilimsifu bila kuombwa. Akasema, "Shika upande huo." Basi nikashika.

Ilipofika saa tisa milango kumi ilikuwa nje, na wa kumi na mmoja, ule wa choo, umegeuzwa. Kabati la nguo tulilitoa kwenye ukuta ulionyooka, tukaligawa mara mbili, tukalisukuma nyuma chini ya kitanda, na dirisha likatokea, pana, lenye vumbi. Kiti cha dada Bawaba alikigeuza kilitazame. Vijiko akavitundika kwenye misumari juu ya jiko. Mapazia tuliyakata kwenye shuka za zamani, na kama yamepinda, waulize mafundi cherehani, mimi nilishika mkasi tu.

Jioni dada akapanda. Akakaa. Akanyoosha mguu wote, mpaka kidole. Bawaba akapika chai nyuma yake, akapita mara tano, sita, akavuka upande wa friji, akarudi. Nilikuwa mlangoni nikihesabu, na safari hii sikuficha mkono. Hakumwomba ainuke hata mara moja. Dada alikunywa chai akiutazama ukuta wa jirani kupitia dirishani, na alivyoutazama ungedhani ni moja ya ile milima yake. Lakini alipoulizwa, alisema tu, "Sukari imezidi." Bawaba akatoka nje, akazunguka basi mara tatu.

Jumatatu asubuhi simu ikalia. Ilikuwa mkuu wa ile shule. Dada aliipokea akiwa amekaa pale dirishani, na Bawaba, alipotambua ni nani, akaingia chini ya basi eti anakagua boliti. Miguu yake miwili ilibaki nje, inacheza.

"Ndiyo, barua niliipata," dada akasema. "Nimeisoma sana." Akasikiliza. "Naelewa, mwalimu mkuu. Nafasi haiwezi kusubiri muhula mwingine." Akasikiliza tena, kwa muda mrefu zaidi. Ile miguu ikaacha kucheza. "Basi mpeni mwenzangu. Nami nawashukuru sana."

Akaweka simu pajani.

"Baba watoto, umesikia?"

"Nimesikia nini?" sauti ikatoka chini.

"Toka huko. Jua linapanda na mimi bado nautazama ukuta wa jirani."

Alitoka ana grisi hadi sikioni, akaingia upande wa usukani bila hata kunawa. Mimi nilikuwa na begi langu mkononi. Sikuwa nimelifunga kwa nia yoyote, nilikuwa nimeweka tu shati mbili, taulo na mswaki, tahadhari. Nilimweleza dada kwamba safari kama hii inahitaji mtu mwenye uzoefu wa mambo, na mwenye wazo la kwanza huwa haachwi uani.

Alinitazama mimi, akalitazama begi, kisha akaitazama njia ya katikati ya basi, ile ambayo tulishinda siku nzima tukiitafuta.

"Mdogo wangu," akasema, "nafasi iliyopatikana ni ya mguu."

Bawaba akawasha gari.