Chaja Ndogo Aliyoichagua Mama

Harufu ya mayai viza ilitupokea tangu mlangoni. Ilikuwa masika, nikiwa darasa la nne, na mama yangu alikuwa ameitwa kwenye zahanati ya mtaani kwetu Kalangalala, mjini Geita. Mama alikuwa akichaji betri za watu kibandani kwetu. Nesi Adelina alimweleza kwamba betri mbili za taa ya chumba cha kujifungulia hazidumu: umeme ukikatika, taa inafifia kabla hajamaliza kuvaa glavu. Fundi mmoja, aliyekuwepo pale, alikuwa amemshauri nesi anunue chaja kubwa zaidi, ya malori.

Mama aligusa ubavu wa betri, akaondoa mkono haraka. Alipofungua vizibo, akaniita nichungulie. Maji yalikuwa yamekauka, mabamba ya madini ya risasi yako wazi. Akamwambia nesi kwamba betri hizo hazikukosa umeme, zilikuwa zinachemshwa. Kutwa zinangoja tu, na chaja iliyopo haiachi kuzisukumia umeme hata zikijaa, ndiyo maana zinanuka.

"Nataka ndogo," alisema. "Ijaze taratibu, na betri ikijaa, ipunguze moto yenyewe."

Fundi alicheka, akauliza kama ni ya simu. Mama akarudi kwenye betri. Betri moja ilikuwa imekufa, akaitenga. Nyingine akaiongezea maji ya betri, akaiunganisha na chaja ndogo kutoka kibandani kwetu. Wiki nzima tulipita kila jioni kuigusa. Haikupata joto tena.

Alasiri moja mvua ya mawe ilishuka, kukawa giza, umeme ukakatika mji mzima. Mke wa mchimbaji aliletwa kwa bodaboda, uchungu umemshika. Mimi na mama tulikuwa tumejibanza barazani, tukitazama dirisha lenye mwanga. Kwa muda wa saa tatu sikuthubutu kupepesa macho. Kisha, katikati ya kishindo cha mabati, mtoto akalia.

Nesi alitoka akiwa ameloa jasho. "Mama Kabula," alisema, "taa haikufifia hata kidogo."

Nilimtazama mama, aliyeishia darasa la pili, kana kwamba ndiyo kwanza namwona.

Leo nauza betri Nyasubi, Kahama. Chaja za siku hizi zina vioo vya namba, zinapima zenyewe, lakini wateja bado wananiomba iliyo kubwa kuliko zote. Nimesomea umeme miaka mitatu chuoni. Hata hivyo sina hakika kama ningekuwa na ujasiri ule, mbele ya fundi anayenicheka, wa kuomba kitu kidogo.