Gramu Saba

Siku Cirhuza alipopata kazi katika karakana ya bunduki ya Granville, mtaa wa jiji walilokimbilia ng'ambo, mkewe Généreuse alimwuliza, "Papa Aline, bunduki tulizikimbia kwetu Walungu. Sasa wewe unaenda kuziogesha?"

"Zile za kule zilikuwa hazina daftari," Cirhuza alimjibu.

Hakuwa anatania. Kabla ya ukimbizi alikuwa mtunza stoo wa kituo cha afya, mtu wa kuhesabu vidonge na kuandika tarehe, na huko Granville alikuta kazi inayomtaka mtu wa namna hiyo. Karakana ilitunza silaha za wapiga risasi wenye leseni, wale wanaokodiwa kupunguza nguruwe-mwitu, mbweha na kulungu walioletwa na wazungu zamani, wakazaana kupita kiasi. Yeye alipewa sailensa, yale mabomba mafupi yanayofungwa mdomoni mwa bunduki kupunguza mlio. Zilikuwa kumi na mbili, kila moja na namba yake na kibali chake cha polisi.

Kila sailensa iliporudi aliifungua, akatoa visahani vya ndani kimoja kimoja, akasugua masizi kwa brashi, akaviosha na kuvikausha mpaka pasibaki hata tone, kwa kuwa maji yakilala ndani hushuka kwenye mtutu na kuutia kutu. Halafu alipaka grisi kidogo kwenye hesi, yale mapindo ya kufungia kama ya skrubu, na kuifunga tena. Mizani aliileta yeye mwenyewe. Masizi yana uzito, na bunduki iliyobeba masizi mdomoni hupeleka risasi kando. Kwa hiyo katika daftari kila safari ilikuwa na namba mbili: uzito kabla ya kuoshwa na uzito baada ya kuoshwa. Chini yake alitia sahihi. Bila sahihi yake sailensa haikutoka mlangoni.

Corona ilipofunga jiji katikati ya mwaka 2021, Cirhuza alikuwa akitoka nyumbani Bankstown na barua ya kazi mfukoni, pua ikiuma kwa kupimwa mara kwa mara. Vyombo vilirudi kutoka mikononi mwa watu asiowajua. Alijua la kufanya, au alidhani anajua. Kule Walungu, kipindupindu kilipoingia, yeye ndiye aliyesimama kwenye geti la kituo na ndoo ya klorini. Hakuna aliyepita bila kunawa, na kituoni hakuna mfanyakazi aliyeugua. Basi akaweka ndoo ya klorini chini ya meza, na kila sailensa ikalowekwa saa nzima kabla ya brashi. Hakuna aliyemwagiza. Bosi wake, Glenn, aliiona ndoo, akainua kidole gumba, akapita.

Jumatano moja ya Agosti alikuwa akiandaa sailensa zote kwa kazi ya kesho yake alfajiri. Kulungu walikuwa wamevamia bonde lililo nyuma ya nyumba za watu, na halmashauri iliyotoa kazi ilitaka utulivu, watu wasishtuke vitandani. Fomu yao ilikuwa na kisanduku kinachouliza uzito wa sailensa ilipokuwa mpya. Cirhuza akafungua ukurasa wa kwanza wa daftari, ambao hakuwa ameusoma kwa miaka. Namba nne: gramu 312. Akatazama mizani. Gramu 305.

Alidhani mizani imekosea. Akaweka jiwe la kupimia, mizani ikasema kweli. Akapima namba tano, namba sita, kisha nyingine zote. Mbili za chuma cha pua zilikuwa vilevile. Kumi za alumini zilikuwa zimepungua zote, nyingine gramu tano, nyingine saba.

Kwa wiki saba aliziona namba zikishuka, akafurahi. Alijiambia masizi ya zamani yanatoka. Lakini chombo kikitakata kabisa hurudi kwenye uzito wake wa kwanza. Kikishuka chini ya hapo, kinachotoka si uchafu tena.

Akavuta taa karibu. Kwenye kingo za visahani kulikuwa na vishimo vidogo kama vya ndui, na ndani yake unga mweupe. Akagusa ukingo kwa kijiti cha mti. Ukameguka.

Cheruiyot aliingia, barakoa bado ikimning'inia sikio moja. Alikuwa askari wa wanyamapori kwao Kenya, na sasa alipiga risasi kwa mkataba. Ndiye ambaye kesho angelaza shavu kwenye bunduki, bomba hilo likiwa mita moja mbele ya uso wake.

"Mzee, umenifungia mzigo wangu ama bado unaupaka losheni?"

"Haziendi."

"Haziendi vipi? Kesho ni kesho, mzee. Hao kulungu hawana kalenda."

Cirhuza akamsogezea kisahani chini ya taa. Cheruiyot akakitazama, akakigeuza, utani ukamwisha.

"Hiki kikikatika nikiwa nimefyatua?"

"Risasi inakigonga. Kinakwenda kinakotaka."

"Nani amefanya hii?"

"Mimi. Na klorini."

Cheruiyot alitazama mlango wa ofisi ya Glenn, akashusha sauti. "Sikiza. Sema zimechoka. Vitu huchoka. Ukisema ni wewe, huyo atakufukuza leo, na kazi nje hakuna. Una watoto."

"Nikisema zimechoka, ataagiza nyingine. Na nyingine atataka nizioshe vilevile, kwa ndoo ileile aliyoikubali. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa kifo ni chako."

Cheruiyot akakirudisha kisahani chini ya taa.

Cirhuza alichukua daftari, kisahani na kijiti chake, akagonga mlango wa ofisi. Alieleza kwa Kiingereza chake cha polepole, bila kuruka kitu: nani aliweka ndoo, tangu tarehe gani, kila sailensa imelowekwa mara ngapi. Glenn alisikiliza uso ukizidi kuwa mwekundu.

"Unajua kibali cha sailensa moja kinachukua muda gani?"

"Najua. Miezi."

"Saini zile zenye upungufu mdogo. Gramu tano si kitu. Ni asubuhi moja tu."

"Hapana."

"Nakwambia saini."

"Unaweza kunifukuza, Glenn. Kusaini, sisaini." Akaweka kisahani mezani, akakigusa kwa kijiti mbele yake. Kipande kikaanguka juu ya karatasi za mkataba.

Glenn akakiokota kipande kile. Kisha akachukua simu, akaipigia halmashauri. Cirhuza akarudi mezani kwake, kwa kuwa zilibaki zile mbili za chuma cha pua, na uzito kutopungua hakukumtosha. Alizikagua kwa taa na kioo cha kukuzia, kisahani kwa kisahani, hesi kwa hesi, akazisuuza kwa maji safi, akazikausha. Ilimchukua mchana wote. Hazikuwa na doa. Akatia sahihi mbili.

Kazi ya kesho yake ingefanywa na wapiga risasi wawili badala ya kumi na wawili. Bonde lingemalizwa kwa wiki kadhaa.

Jioni Glenn alikuja, akasimama mbali kama sheria ya corona ilivyotaka. Alisema Cirhuza abaki, ila sahihi yake peke yake haitoshi tena. Kila sailensa itakaguliwa na mtu wa pili, na kitu chochote kipya kitakachoingia kwenye ndoo kitaulizwa kwanza.

"Ni haki," Cirhuza akasema.

Alimwaga klorini, akaisuuza ndoo mara tatu. Kisha akachukua rula, akachora mstari mpya ukurasa mzima, upande wa kulia wa jina lake, ipatikane nafasi ya sahihi ya pili.