Uyoga Katika Chumba cha Mama Mkwe

Mimi nimejenga nyumba ya matofali ya kuchoma, na sikumaliza hata darasa la nne. Nalisema hili kwanza ili anayesoma ajue anasoma habari za mtu wa namna gani. Nilianza kwa kubeba mizigo ya watu pale stesheni ya Kindu, nikaingia katika mchele wa Kibombo, nikapata depo yangu mwenyewe. Wakati ule wa Zaire kila mtu aliitwa sitoyeni, yaani mwananchi, lakini mimi niliitwa patroni, hata na wale sitoyeni wakubwa wa suti za abakosti zisizo na tai. Kwa hiyo mzungu mmoja wa kilimo alipoleta mbegu za uyoga na kutafuta mtu wa kujaribu, wengine walicheka, mimi nikachukua.

Lilikuwa boksi. Ndani mlikuwa na chupa ya mahindi yaliyofunikwa na kitu cheupe kama pamba, mifuko ya plastiki, na karatasi ya Kifaransa ambayo sikuwa na haja nayo, maana mzungu alinieleza kwa mdomo na masikio yangu hayadai diploma. Unachemsha majani makavu ya mpunga, unayaacha yapoe, unayashindilia mfukoni pamoja na yale mahindi, unatoboa matundu, unatundika katika chumba chenye giza. Unanyunyiza maji kidogo asubuhi na jioni, na mfuko huusogezi tena. Akasema uyoga huo huliwa katika hoteli kubwa za Kinshasa, na unaota hata kiangazi, wakati porini huwezi kupata hata mmoja.

Nikatundika mifuko katika chumba cha nyuma, kisha nikaenda sokoni kutangaza. Kwa nini nisitangaze?

Majani yalikuwa yameanza kugeuka meupe pale mama mkwe wangu alipofika kutoka Pangi, juu ya kamyo, lori la kubeba watu, bila kutuma habari. Mke wangu akampa chumba cha nyuma. Niliporudi kutoka depo nilikuta mlango umefungwa, mifuko yangu iko ndani, na mimi niko nje.

Kwa wakwe zangu, mwanamume haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Hamtazami usoni, hali chakula mbele yake, na kama ana neno la kumwambia, anampitishia mke. Hata kama nyumba ni yake na kila tofali amelilipia yeye. Nilimwambia mke wangu amhamishe mama yake. Akaniuliza kama nataka watu wa Pangi wasikie kwamba mzee wao alitolewa chumbani kwa sababu ya majani ya mpunga.

Hapo sijafika bado kwenye shida yenyewe. Shida ni kwamba mama mkwe hakula. Nilichinja mbuzi, sahani ikarudi ilivyokwenda. Nikaleta samaki wabichi wa mtoni, makayabu yale ya samaki wa chumvi, sardini za kopo. Alikunywa chai tu, akisema chakula cha mjini kinanuka mafuta ya kamyo. Alizidi kukonda, na mimi nikaanza kuona mbele ya macho siku atakaposhuka kwao akiwa mifupa mitupu, na wakwe zangu wote wakiulizana yule tajiri wa Kindu alimlisha nini. Nimewahi kufilisika, nikasimama tena. Lakini wakwe wakisema mama yao alitoka kwako na njaa, utasimama wapi?

Mwishowe mke wangu alimuuliza anatamani nini. Akasema uyoga. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa ukuta, nikasikia.

"Mwambie mama," nikasema kwa sauti, "ule uyoga anaoutaka uko juu ya kichwa chake."

Mke wangu alikuwa mlangoni. Hakuwa na haja ya kurudia, lakini alirudia, neno kwa neno. Nikasikia sauti ya mama mkwe:

"Mwambie bwana yako, mimi nilizani njo majani ya kulalia mbuzi. Nilitaka kumuuliza mbuzi iko wapi."

"Mwambie avumilie, utatoka."

"Mwambie uyoga hawaufunge mu mufuko sawa chumvi."

Basi nikaanza kulima shamba langu kupitia ukuta. Nilimtuma mke wangu anyunyize maji, akaja na jibu kwamba matone yanamwangukia mama kitandani. Nilisema wafungue mlango hewa ipite kidogo, wakasema kuna baridi. Halafu siku moja nikaona moshi unatoka chini ya mlango. Mzungu alikuwa amenionya juu ya moshi kuliko kitu chochote.

"Mwambie atoe huo moto," nikasema.

"Mwambie kifua kinaniuma. Niko najifukiza na majani ya dawa."

Na kweli alikuwa ameingiza mbabula yenye makaa na sufuria juu yake. Akawa anachemsha dawa zake mchana kutwa, mpaka ukuta upande wangu ukalowa. Nikaenda kumtafuta mzungu, wakaniambia amekwenda Kalima. Watu wa namna hiyo huwa Kalima kila unapowahitaji. Sokoni nako wenzangu wa mchele wakawa wananisalimu kwa neno moja tu: patroni, uyoga umefika, ama unangoja feri?

Kisha mama mkwe akatangaza kwamba kamyo ya Pangi inaondoka Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya usafi wa mtaa, naye atapanda. Alikuwa hajala kitu cha maana.

Ijumaa nilitoka msikitini nikakuta harufu ya mawese na uyoga imejaa uani. Mke wangu alikuwa amekaa nje ya mlango wa chumba cha nyuma. Nikamuuliza nani amenunua uyoga. Akasema hakuna aliyenunua, umetoka kwenye mifuko. Nikamwambia aniletee niuone. Akasema mama amekwisha kuukata wote.

"Hata mmoja haukubaki?"

"Unataka nimwombe mama mkwe wako chakula kwa ajili yako?"

Niliketi kwenye kiti changu ukumbini na kumsikiliza mama mkwe akila. Nilisikia vidole vikikwangua sahani. Nilimsikia akiomba bugali tena. Nikafungua vifungo vya shingo, nikavuta pumzi.

Kesho yake, watu wote wa mtaa wakiwa barabarani na mafagio kwa salongo, mama mkwe alitoka na furushi lake. Nikageukia ukuta wa ua, kama inavyotakiwa. Akasimama nyuma yangu, akamwambia binti yake kwa sauti ya kufika mpaka mtoni:

"Mwambie bwana yako nimeshiba. Lakini asizani njo mbegu ya muzungu. Njo mvuke ya dawa yangu iliuotesha."

Mafagio yote yalinyamaza. Mimi niliyechemsha majani, niliyeshindilia mifuko kwa mikono yangu, ningesema nini? Mama mkwe habishiwi, tena ukiwa umempa mgongo.

"Mwambie ahsante," nikasema.

Alipokwisha kuvuka mto ndipo nikaingia chumbani. Mifuko ilikuwa inaning'inia pale pale, uyoga umekatwa kwa kisu mpaka kwenye plastiki, safi kabisa. Nilimuuliza mke wangu uyoga wenyewe ulikuwa na rangi gani. Akafikiri kidogo, akaniambia ulikuwa na rangi ya uyoga.