Iliki ya Arobaini ya Bibi

Kupika kahawa sikufundishwa. Bibi alikuwa akipika, nami nikisimama karibu na kukariri: anakaanga buni mpaka ziwe nyeusi, anatwanga, anachemsha, mwisho anatia iliki. Alipofariki, hapa Kivinje, vita vya Wazungu vilikuwa vimezuia meli, na kopo lake lilibakiwa na iliki sita tu.

Shangazi aliniambia wazi: "Siku ya arobaini utawapikia wanawake wa hitma. Ukiharibu, birika la mama naondoka nalo kwenda Lindi."

"Sitaharibu, shangazi."

"Wewe? Hata maji ya chai unayapima mara tatu!"

Birika lile la shaba nililitaka kuliko kitu chochote cha bibi. Wiki nzima nilijizoeza bila iliki, nikimwaga na kuanza upya. Naona haya kuandika hili: kwa hofu ya kukosea kahawa, nilisahau hata kumlilia marehemu.

Siku ilipofika, baada ya alasiri, nilimimina. Mkongwe mmoja asiyeona, shoga yake bibi, alionja, akanishika mkono.

"Nani yuko jikoni?"

"Hakuna mtu, bibi. Nimepika mimi."

"Mkono huu naujua. Iliki imekolea vilevile."

Wengine wakaitikia, wakanyoosha vikombe waongezwe. Mmoja akanitania, "Haya, huyu sasa aolewe!" Wakacheka.

Nilirudi jikoni kuchukua kahawa zaidi. Iliki zote sita zilikuwa ndani ya kinu, zimetwangwa, kavu, pale pale nilipoziacha. Sikuwa nimetia hata punje. Nikalinusa birika. Lilinukia kahawa tupu.

Kwa woga niliimwaga iliki yote humo, ili sifa nilizopewa ziwe za kweli. Nilipomimina tena, mkongwe alionja, akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka.

"Hii umezidisha, mjukuu wangu. Ile ya kwanza ndiyo."

Shangazi akanisogezea birika lile. "Haya, chukua. Limekuwa lako."

Nililipokea kwa mikono miwili. Mpaka leo sijamwambia kuwa kahawa ya kwanza haikuwa na iliki. Na kila nikipika, kabla sijatia iliki, nainama kwanza na kunusa, na sijui naogopa kuikuta harufu ile ya iliki au kuikosa.